“30 CH ina nguvu kuliko 9 CH?” Punje za homeopatia na mtoto anayekojoa kitandani

SWALI

Jambo Docta. Ninaandika kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Kijana wangu ana miaka minane, na hapa nyumbani hajawahi kumaliza juma bila kulowesha godoro. Wakati wa likizo alienda kwa bibi yake Kabare, akakaa wiki mbili kavu kabisa. Usiku wa kwanza tu aliporudi, maji. Baba yake anasema ni uvivu, ila shemeji yangu alinifichulia kwamba huyo baba mwenyewe alikojoa mpaka miaka kumi. Dada yangu aliye Brussels ametuma vichupa vitatu vya punje nyeupe za homeopatia: Equisetum hyemale 9 CH, Causticum 15 CH na Sepia 30 CH. Anasema watoto wengi wamepona nazo na hazina madhara. Je, ya 30 ndiyo kali zaidi? Nimpe ngapi, na zote pamoja au moja moja? Akipata malaria nitazichanganya na dawa? Na ni kweli dawa ya meno ya mnanaa inaziua nguvu?

JIBU

Jambo mama. Kwanza nisahihishe cheo: mimi ni mfamasia, si daktari, ingawa mtaa mzima unaniita Docta na nimechoka kukataa. Safari hii inafaa, kwa sababu umeuliza habari za kichupa na lebo yake, na hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Tuanze na hizo herufi. C ni ya neno la Kifaransa lenye maana ya “kwa mia”. H ni ya Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyeanzisha homeopatia mwishoni mwa karne ya 18. Namba iliyo mbele inakuambia dawa imezimuliwa mara ngapi. Unachukua tone moja la dawa ya mwanzo, kwa mfano maji ya mmea, unalitia katika matone 99 ya pombe na maji, unatikisa: hiyo ni 1 CH. Unachukua tone moja la hiyo, matone 99 mapya, unatikisa tena: 2 CH. Unaendelea hivyo hivyo mpaka mara 9, 15 au 30. Mwisho wake unanyunyizia punje za sukari, zinakauka, zinaingia kwenye kichupa.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo ziwani. Ziwa Kivu lina maji karibu kilomita za ujazo 500. Chukulia umesimama Nguba, ukadondosha tone moja la dawa, likasambaa sawasawa mpaka Goma, na chini mpaka kule gesi ilipolala. Maji hayo yangekuwa kati ya 9 CH na 10 CH. Kwa hiyo Equisetum yako ya 9 CH ni tone moja ndani ya sehemu ya kumi ya ziwa hili. 10 CH ni tone moja katika maziwa kumi kama Kivu. 12 CH ni maziwa laki moja. Ukizidi hapo nchi kavu na maji vyote vinaniishia: bahari zote za dunia zikichanganywa na tone lako hazifiki hata 13 CH. Wewe una kichupa cha 30.

Kemia nayo ina mpaka wake. Inaitwa namba ya Avogadro, 6 ikifuatwa na tarakimu 23, nayo inatuambia idadi ya molekuli zilizomo katika kipimo kimoja cha kitu, wanachokiita moli. Kufikia 12 CH umezimua mara 1 ikifuatwa na sifuri 24, umeshauvuka mpaka huo, na kupata hata molekuli moja ya dawa ya mwanzo ni bahati nasibu. Causticum ya 15 na Sepia ya 30, kwa mizani yangu, ni sukari na sukari. Hata ya 9 haina kitu ambacho kibofu cha mtoto kingekihisi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza lina pande mbili. Watu wa homeopatia watakuambia ndiyo, 30 ina nguvu kuliko 9, kwani kwao kuzimua na kutikisa ndiko kunakoamsha nguvu. Kemia inasema 30 ndiyo iliyo tupu kuliko zote. Kuhusu idadi, lebo za Ulaya mara nyingi husema punje tano chini ya ulimi. Ukimpa tano, ukampa kumi na tano, ukachanganya vichupa vyote vitatu, ni sukari ileile kidogo. Mnanaa hauui chochote, kwa sababu hakuna cha kuua. Hazigombani na dawa ya malaria. Lakini hapa naomba unisikilize vizuri: zisije zikakaa mahali pa dawa ya malaria, hata kwa usiku mmoja.

Kuna kisa ambacho sisi wa Bukavu tuna haki ya kukijua kuliko wengine. Mwaka 1790 Hahnemann, akiwa mzima, alikula gome la kwinkina, akajisikia kama mtu mwenye homa ya malaria. Akafikiri: kumbe kinachomletea mzima dalili ndicho kinachomponya mgonjwa wa dalili hizo. Homeopatia nzima ilichipuka pale. Na mti huo ndio huu unaolimwa kwenye vilima vyetu vya Kivu, ambao gome lake linatoa kwinini. Tofauti ni kwamba kwinini hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mgonjwa, nayo huua vimelea ndani ya damu. Ukiizimua mara 30 vimelea havitajua kama umekunywa kitu.

Dada yako si mwongo, mama. Ameona watoto wakipona, na kweli walipona. Ila tuangalie jinsi tatizo hili lenyewe linavyokwenda. Katika watoto 100 wenye miaka mitano, karibu 15 bado wanakojoa kitandani. Kwenye miaka kumi wamebaki kama 5. Kwenye miaka 15 ni mmoja au wawili. Kila mwaka, katika kila watoto 100 wanaokojoa, karibu 15 wanaacha bila dawa, bila dua, bila kuruka moto. Na hata asiyeacha ana majuma mabaya na majuma mazuri. Mzazi hanunui dawa juma zuri. Ananunua akiwa amechoka kabisa kuanika godoro katika mvua za Novemba, yaani pale ambapo mambo yameshafika chini na hayana pa kwenda isipokuwa juu. Kitu chochote alichompa mtoto wakati huo kitapata sifa. Baba mmoja aliwahi kurudi farmasini kwangu akiimba sifa za punje. Nilipomdodosa, kumbe siku ileile aliyoanza punje alipiga marufuku chai ya usiku.

Wenye kazi ya kuchunguza mambo haya wamechunguza. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti za homeopatia kwa magonjwa mengi, likasema hakuna hata ugonjwa mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba inauponya. Ufaransa, ambako punje hizi zinapendwa sana, bima ya afya ya serikali iliacha kabisa kuzirudishia watu pesa kuanzia Januari 2021.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha wenzetu wa homeopatia ambacho nakipenda, nacho ni maswali yao. Mtaalamu wa homeopatia akikuletea Causticum au Sepia, ni kwa sababu aliuliza kama mtoto anakojoa katika usingizi wa kwanza. Akiota kwamba yuko chooni, anapewa Kreosotum. Equisetum ni ya yule ambaye haonekani kuwa na sababu yoyote ila mazoea. Anakaa na mama saa nzima. Sisi wa dawa za kawaida tunakaa naye dakika tano, tena simu ikilia katikati. Maswali ni mazuri. Kinachofuata ndicho sukari. Basi nami niulize yangu.

Ameanza lini? Wako hajawahi kuwa kavu miezi sita mfululizo hapa nyumbani. Hiyo ni aina ya tangu kuzaliwa, na ndiyo ya kawaida. Haina uvivu ndani yake. Mambo matatu yanakutana. La kwanza, usiku ubongo hutoa homoni ya kupunguza mkojo, na kwa watoto wengine homoni hiyo bado ni chache, hivyo figo zinafanya kazi usiku kama mchana. La pili, kibofu chenyewe kinashika kidogo. La tatu, usingizi ni mzito kiasi kwamba kibofu kikipiga hodi hakuna anayefungua. Na linarithiwa: mzazi mmoja akiwa alikojoa, karibu watoto 44 katika 100 watakojoa, wazazi wote wawili, 77. Mwambie baba mtoto hesabu hiyo. Kwa upole, tena shemeji asiwepo.

Zile wiki mbili za Kabare zimenifurahisha kuliko kitu chochote katika barua yako, kwa sababu zinaonyesha kibofu na figo vinaweza. Mtoto akilala mahali pageni usingizi wake huwa mwepesi. Lakini pia uliza bibi: chakula cha jioni kililiwa mapema? Chai ilikuwepo? Kulikuwa na ndoo chumbani? Hilo la ndoo si dogo. Nyumba nyingi Kadutu choo kiko nje, kwa jirani, kwenye mteremko wa matope. Mtoto wa miaka minane akiamka saa nane za usiku atachagua kulala tena, na tangu mji ulipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025 hata sisi watu wazima tunachagua hivyo. Weka ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na taa ndogo.

Kama angekuwa alikauka miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, ningeuliza mengine kabisa: hofu, kuhama, kifo katika familia, kipigo shuleni, au jambo baya alilofanyiwa na mtu ambalo hawezi kulitaja. Hapo mtoto anahitaji mtu wa kumsikiliza na kituo cha afya, wala si farmasi.

Na ningeuliza kuhusu kiu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinunua kwangu punje hizihizi kwa binti aliyeanza kukojoa upya akiwa na miaka sita. Niliuza. Sikuuliza kitu. Baada ya siku chache alirudi na binti mwenyewe, amekonda, na wakati tunaongea mtoto alimaliza chupa ya maji na kuomba nyingine. Nilimpima sukari ya kidole palepale, mashine ikaandika kwamba imezidi uwezo wake wa kusoma. Alifika hospitali akiwa bado anatembea, leo anajidunga insulini mwenyewe. Siku zile chache ni zangu. Ndiyo maana sipendi ile sentensi ya “hazina madhara”. Punje hazina sumu, lakini zinakula muda.

Kwa hiyo kabla ya yote nenda naye kituo cha afya, omba wampime mkojo kwa bandeleti, ule ukanda wenye vikaratasi vya rangi. Ni kipimo cha dakika mbili, kinaonyesha sukari, damu, na dalili za maambukizi. Kama ana kiu isiyoisha, anakonda, anaumwa akikojoa, mkojo una damu, chupi inaloa mchana kutwa, au miguu ina udhaifu, usisubiri juma lijalo. Akikoroma sana na kukatika pumzi usiku, sema pia, maana tezi za koo zilizovimba zinaweza kuhusika.

Kisha kuna jambo letu wenyewe, ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja: drepanositozi, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu (selimundu), ambao watu huuita SS. Kongo ni kati ya nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo. Figo za mtoto wa SS hupoteza mapema uwezo wa kukaza mkojo, basi mkojo wake ni mwingi na mwepesi usiku na mchana, na wengi wao hukojoa kitandani. Kama kijana wako huumwa mifupa, macho hugeuka manjano, au amewahi kuongezwa damu, omba kipimo. Maabara nyingi za hapa huanza na kipimo cha Emmel. Ujue kwamba Emmel ikiwa chanya haitofautishi mwenye ugonjwa na mbebaji tu, elektroforezi ndiyo inayotenganisha. Na shika neno hili: mtoto wa SS hanyimwi maji jioni. Kukauka kwa mwili kunaweza kumletea maumivu makali. Kwake bora godoro liloe.

Tukishavuka hapo, kazi ni ya nyumbani. Chukua daftari. Kwa siku 14 andika usiku mkavu na usiku wa maji. Siku mbili za mapumziko, mwambie akojoe kwenye kikombe chenye vipimo. Kibofu cha mtoto hukadiriwa hivi: umri, jumlisha moja, zidisha kwa 30. Wa miaka minane anatarajiwa kushika mililita 270, pungufu kidogo ya chupa ndogo ya soda. Akitoa 120 kila mara, tumeshajua mlango wa kuingilia.

Angalia pia choo kikubwa. Utumbo wa mwisho uko nyuma ya kibofu. Ukijaa kinyesi kigumu unakibana, kibofu kinakosa nafasi. Nimeona watoto waliokauka kwa papai na maharagi peke yake. Bugali na sambaza (dagaa wa ziwani) kila siku bila mboga kama sombe au lengalenga ni njia nzuri ya kufunga tumbo, na chumvi ya sambaza inaita maji ya usiku.

Maji usimnyime, yapange. Wengi wetu tuna mtoto asiyekunywa kitu shuleni, kwa sababu choo cha shule kinatisha, halafu anarudi nyumbani na kunywa kama ngamia mpaka usiku. Geuza: kati ya vikombe vitano vya siku, viwili kabla ya saa sita mchana, viwili alasiri, kimoja tu baada ya jua kuzama, na kisiwe chai wala soda ya kola. Akojoe kila baada ya saa mbili au tatu mchana, na mara mbili kabla ya kulala: akivaa nguo za kulalia, na tena taa ikizimwa. Ukimsifu, msifu kwa kwenda ndooni, kwa sababu hilo analiweza. Ukavu wenyewe hauko mikononi mwake. Kipigo na jina la kikojozi havijawahi kuongeza homoni ya mtu.

Kumbeba usiku akiwa bado analala kunaokoa godoro la usiku huo, ila hakumfundishi kitu, ubongo haukuwepo. Kinachofundisha ni kengele ya mkojo: kifaa kidogo cha betri chenye kihisio kwenye chupi, kinacholia tone la kwanza likigusa. Karibu theluthi mbili ya watoto hukauka nacho, ingawa baadhi hurudia baadaye. Kinataka miezi miwili au mitatu, mpaka usiku 14 mfululizo mikavu. Majuma ya kwanza mtoto mwenyewe hataisikia. Utaisikia wewe, ndugu zake kitandani, na jirani wa ukuta wa mbao. Lazima mtu mzima aamke, amwamshe kabisa, amtembeze mpaka ndooni. Kama nyumbani hakuna wa kuamka, usianze sasa.

Zipo na dawa za kweli. Desmopresini ni ile homoni ya usiku iliyotengenezwa. Inasaidia mtoto akiwa na safari au kambi ya shule, lakini akinywa maji mengi juu yake chumvi ya damu inashuka na anaweza kupata degedege. Hiyo ni ya daktari kuandika. Imipramini ni ya zamani na rahisi kupatikana, nami siiuzi kwa ajili ya mkojo: mtoto mdogo akikuta kopo na kumeza vidonge vichache moyo unaweza kusimama.

Kuhusu vichupa vyako. Vya 9, 15 na 30 unaweza kumaliza kama pipi ukitaka, bandeleti ikishafanyika. Lakini dada akituma kitu cha homeopatia kilichoandikwa TM (maji ya mmea ambayo hayajazimuliwa), au namba ndogo kama 1 au 2, kiweke juu ya kabati, kwa maana hapo mmea upo kweli, na TM ina pombe. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuta vidonge vya homeopatia vya watoto wanaoota meno vikiwa na beladona kwa viwango visivyolingana, na beladona ni sumu. Mara nyingine akiuliza atume nini kutoka Brussels, mwambie kengele ya mkojo na betri za akiba, pamoja na kitambaa cha plastiki cha kufunika godoro.

Ukimaliza daftari la siku 14 niandikie tena: usiku mikavu mingapi, kikombe kilisoma ngapi, choo chake kikoje, na bibi wa Kabare alijibu nini kuhusu chai.